Ua la Kosmas

Jumanne, 14 Mei 1996. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu.

Majibu ya jeni yamefika. Ua la jamii ya alizeti alilolichuma marehemu mume wangu Kosmas mlimani, juu ya Masagati, si spishi mpya. Ni lile lile la bondeni. Vinyweleo vingi vya majani vimeletwa na baridi tu.

"Pole, mama Neema," mtaalamu wetu aliniambia. "Basi halitapewa jina lake."

Nikabandika lebo mpya kwenye karatasi lilipobandikwa ua hilo kavu. Ya zamani haibanduliwi, ndiyo kawaida ya kazi yetu ya kuhifadhi mimea. Kwa hiyo mwandiko wa Kosmas bado upo pembeni: "Mpya? Nimwonyeshe mke wangu."

Hakunionyesha. Aliteleza mwambani siku ile ile, wakamshusha kwa machela.

Saa nane usiku. Nazima taa nilale.