Mgeni Wenu wa Kutoka Majunga

Badjanani, Moroni
9 Novemba 1981

Kwako mdogo wangu Chamsia,

Assalamu alaikum. Natumaini goti lako limeacha kukusumbua, na Rahamatou mwanao ni mzima. Mumeo Saïndou je, bado anakoroma mpaka bandari nzima inamsikia? Sisi huku miili ni mizima, ila dada yetu Mariama ni wa kuombewa dua.

Kila asubuhi huenda kwenye ile nyumba waliyoanza kumjengea bintiye Djaouharia, kama kila binti anavyojengewa kwetu. Haina paa bado. Anafagia, anakaa humo peke yake, anarudi. Nimeacha kumkataza, maana akinitazama naogopa.

Tulikuambia Djaouharia yuko Arabuni, anafanya kazi, mzima. Mariama ndiye aliyetaka tuseme hivyo, kwa kuogopa maneno ya watu. Chamsia, mtoto amepotea.

Unakumbuka ndugu zetu waliorudishwa kutoka Majunga, huko Madagaska, mwaka sabini na saba, baada ya mauaji ya watu wetu. Walishuka na nguo za mwilini tu. Aliyetaja jina la bibi yake alifunguliwa mlango, na ungemhoji vipi mtu aliyetoka kuzika wanawe? Basi mwaka juzi akaja mwanamke anaitwa Zainaba. Alimtaja bibi yetu, akalilia kaburi lake kule Ikoni mpaka tukamshika. Alifunga Ramadhani nasi. Alikuwa mcheshi na mpishi hodari, hata mimi na ulimi wangu huu nilimpenda.

Baada ya Idi akasema amempatia Djaouharia kazi ya kulea watoto kwa matajiri huko Arabuni. Pasi ya kusafiria akaishika yeye, eti isije ikapotea. Tulipika, tukamsindikiza mtoto kwa nyimbo. Tangu hapo hatukupata hata salamu, na Zainaba naye hatukumwona tena.

Mariama alikwenda ofisi ya serikali kuuliza, akarudishwa mlangoni. Unajua hali ya hapa tangu wale mamluki wa kizungu wateremke na bunduki zao. Ukisikika unalalamika, jirani anafunga dirisha.

Mwezi uliopita jirani yetu Charif alirudi kutoka Hija. Alimwona Djaouharia sokoni Jidda, amekonda, amebeba mtoto wa watu, anamfuata mwanamke mmoja. Akamwita kwa jina. Djaouharia akageuka, akasema kwa lugha yetu, "Baba Charif, nitoeni huku!" Akavutwa mkono, umati ukawafunika. Charif hajui alipelekwa wapi. Sauti hiyo sikuisikia mimi, lakini hunijia hata ninapokuna nazi.

Sasa jana Soulé, baharia wa meli ya huko kwenu, aliniletea salamu za Saïndou. Kwamba mmepata ndugu kutoka Majunga, Bi Moinecha, anayewajua wazee wetu wote, na kwamba Rahamatou atasafiri naye kabla ya Maulidi kwenda kulea watoto. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usimtoe mtoto. Mwulize huyo bibi alikaa mtaa gani Majunga, kisha walete waliokaa huko wamhoji mbele yako, hapo kwenu Mutsamudu wamejaa. Pasi ya Rahamatou ikae kwako. Kazi ya kweli ina mwajiri mwenye jina na mahali panapojulikana. Waambie mama wenzako, na wapagazi wa bandarini pia, wasimwache binti yeyote apande chombo na mgeni. Mtasemwa kwamba hamna adabu kwa wageni. Semweni.

Tena Saïndou anasifu leso nyekundu ambayo Bi Moinecha amempa Rahamatou zawadi. Itazame pindo. Mimi nilipinda moja kwa mkono, uzi mwekundu ukaniishia katikati, nikamalizia kwa mweupe. Ndiyo leso niliyomfunga Djaouharia siku ya safari.

Ukiuona uzi mweupe, ujue huyo ndiye Zainaba, nawe utataka kumfukuza. Usimfukuze, mdogo wangu. Mpikie, mchekee, umtume Saïndou kwa kadhi na wazee wa mtaa, na mlango uwe umefungwa. Ni yeye peke yake anayejua mtoto wetu yuko nyumba gani.

Barua hii Soulé atakutia mkononi, asimpe mwingine. Msalimu sana Saïndou, na Rahamatou umkumbatie kwa ajili yangu. Mungu akuachie wako, na wa Mariama amrudishe akiwa bado anatukumbuka.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Hadjira