Kwa Idah Nakhumicha, Aliyemtuma Malaika Wake Mbele

Mwaka mmoja umetimia sasa, Mama Philip, tangu ulipotutangulia ukatuacha tukiulizana chumvi hukaa wapi. Tuliipata. Ilikuwa nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Antoni, pale dirishani, na binti yako Dorine alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa ni wewe tu ungeweza kumpa mtakatifu wa vitu vilivyopotea kazi ya kulinda chumvi.

Tumelia, hatutakudanganya. Lakini mwaka huu, kila tulipokaa kukutaja, tulianza kwa machozi tukamaliza kwa kicheko, na majirani wa Makongeni wakadhani tuna sherehe.

Uliondoka kwenu magharibi ukiwa msichana, ukaja Thika kutafuta kazi, ukaipata katika Eneo la Viwanda, kwenye kiwanda cha kusindika matunda. Mananasi yalikula ngozi ya vidole vyako, na harufu yake ikakuganda hata Jumapili. Watoto walikujua kwa harufu hiyo kabla hujafungua mlango. Mpaka leo mtu akikata nanasi katika nyumba hii, wote tunageuka kutazama mlangoni.

Huko kiwandani ulikuwa na njia yako ya kuomba ruhusa. Kabla ya kumwendea msimamizi wenu, Bwana Nzomo, mtu aliyevaa uso wa Jumatatu hata siku ya mshahara, ulimtuma kwanza malaika wako mlinzi akazungumze na malaika wa Nzomo. Ulimpa nafasi ya kufika, maana ulisema malaika wa wakubwa wana shughuli nyingi. Kisha ukaenda mwenyewe na gambuti zako miguuni, ukapewa ruhusa. Wenzako walikucheka, halafu mmoja mmoja wakaanza kukuomba uwatumie na wao. Habari zikamfikia Nzomo. Siku moja ulisimama mlangoni pake, na kabla hujafungua mdomo akakuuliza bila kuinua macho:

"Nakhumicha, huyo mtu wako ameshafika?"

"Amefika, bwana. Wako anasemaje?"

"Anasema uende. Lakini kesho uwahi."

Nzomo alikuja kukuzika. Alivua kofia akasema kwamba yeye hakuwahi kuyaamini mambo hayo, ila tangu siku ile alijichunga asimwonee mfanyakazi yeyote, kwa sababu hakujua ni nani aliyetumwa kwake.

Mumeo Gachau naye hakuyaamini. Alilelewa Presbiteri, na akalelewa vizuri. Kusoma sawasawa alijifunza akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru, baada ya zamu yake kwenye kiwanda cha nguo, na kitu mtu alichokipata kwa jasho namna hiyo hakitumii ovyo. Aliisoma Biblia yake kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta mahali palipoandikwa kwamba mtu amwombe mtakatifu. Hakupaona, akaja kukwambia.

"Mlango wa Mwenyewe uko wazi," alisema. "Kwa nini nisimame getini niongee na askari?"

Ulikuwa ukikanda unga. Hukuacha kukanda.

"Ulipougua kifua, si uliwaambia wazee wote wa kanisa lenu wakuombee? Na mlango ulikuwa wazi."

"Hao wako hai, Mama Philip."

"Na wangu ndio wamekufa? Mungu si wa wafu, ni wa walio hai. Hiyo iko kwa Biblia yako, Baba Philip. Nimeona umeipigia mstari."

Kisha ukamweleza polepole, kama ulivyotueleza sisi sote, kwamba hukuwaabudu watakatifu wala malaika. Kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake. Wao uliwaomba wakuombee, kama ulivyomwomba jirani yako Waruguru, ila hao hawangechoka, na hawangekuomba sukari.

Yeye pia aliwahi kukushinda, na haki yake tumpe. Jogoo wako mweupe alipopotea, ulimwomba Antoni siku nzima, na jioni mifupa ya jogoo ikaonekana kwenye takataka za wapangaji wa nyuma. Gachau alikuita uje uone. "Antoni wako naye alikaribishwa?" akauliza. Ukaitazama ile mifupa. "Niliomba anionyeshe jogoo alipo," ukasema. "Si amenionyesha?" Lakini ulijua umeshindwa, kwa sababu siku hiyo ulimpakulia yeye nyama ya kwanza.

Kila jioni kabla ya chakula uliongoza litania ya watakatifu. Ulitaja jina, watoto wakajibu, "Utuombee." Mikaeli. Utuombee. Rafaeli. Utuombee. Yosefu. Utuombee. Gachau alikaa kwenye kiti chake na gazeti mbele ya uso. Dorine anaapa kwamba ukifika kwa Yosefu gazeti lilishuka kidogo, kwa kuwa mzee alimheshimu fundi ambaye katika Biblia nzima hakusema hata neno moja. Lakini kujibu, hapana. Na wewe hukumlazimisha. Ulimsubiri, kama mtu anavyosubiri maharagwe yaive.

Halafu ikaja ile habari ya Mburu. Ndugu yake Gachau alipotimiza mwaka kaburini, mzee aliandika tangazo la kumbukumbu kwa mkono wake mwenyewe, akalisahihisha, akalinakili upya, kisha akakusomea kabla ya kulipeleka gazetini. Alisimama kama mwanafunzi. "Mburu, ndugu yangu, bado tunasikia kicheko chako. Ng'ombe wako amezaa ndama jike. Mama anakusalimu."

Uliweka sufuria chini.

"Baba Philip, unaongea na nani?"

"Na Mburu."

"Mburu yuko wapi?"

"Kwa Mungu, tunaamini."

"Na gazeti linafika huko?"

Ulicheka ukashika meza. Watoto wakacheka kwa sababu wewe umecheka. Gachau alikunja karatasi yake akasema kwamba huo ni mtindo tu wa kuandika, kila mtu huandika hivyo. "Sawa," ukamjibu ukijifuta machozi. "Basi na mimi mtindo wangu niachie."

Tangazo lilichapishwa, na lilikuwa zuri. Ulilikata ukalibandika ukutani, karibu na Bikira Maria.

Wanaosoma haya wajue sasa jambo ambalo nyumba hii imelibeba mwaka mzima. Ulipokuwa kitandani katika wiki zako za mwisho, Dorine akikunja nguo miguuni pako, ulimwita mzee.

"Baba Philip, sikuombi uhame kanisa lenu. Lakini nikienda, usininyamazie. Mburu ulimwambia hata habari ya ndama."

"Nikwambie nini?"

"Ile watoto husema."

Alijua ni ipi. Alivuta blanketi akakufunika mabega, akalipanga vizuri, akalipanga tena. Ukaenda bila jibu lake.

Toka hapo tulimwona akihangaika. Kila Jumapili akitoka kanisani kwao alipita kaburini kwako, akang'oa magugu, akasimama na kofia mkononi. Mdomo ulifunguka ukafungwa. Philip, mtoto wenu wa kwanza, alimfuata siku moja akamuuliza kinachomsumbua.

"Nikisema neno nisiloliamini, nitakuwa namdanganya mama yenu," alisema mzee. "Nisiposema, nimemnyima kitu cha mwisho alichoomba. Sasa wewe uliyesoma mchana, niambie nifanye nini."

Philip aliinama akamsaidia kung'oa magugu.

Mzee akafanya alichozoea kufanya akikwama: akasoma. Aliichukua Biblia yako, ile yenye jalada lililonata unga, akaanza. Jioni moja alitoka nayo chumbani kama mtu aliyegundua chumba kingine katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. "Ya mama yenu ina vitabu zaidi," alitangaza. Alikuwa amemkuta Tobia, kijana aliyesafiri mbali na malaika Rafaeli akimsindikiza njia nzima bila yeye kujua ni malaika. Kilichompendeza zaidi kilikuwa kitu kidogo. "Na mbwa yumo," alituambia. "Mbwa wa kijana alifuatana nao. Mtu anayetunga uongo hangekumbuka mbwa." Bado hakusema lile neno. Lakini aliirudia hadithi hiyo mara nyingi kuliko tulivyohitaji.

Kisha ukafika mwezi wa Agosti, na Becky, binti wa Dorine, akapelekwa hospitali Ruiru kujifungua. Unamjua Becky, ni yule uliyemfundisha kumtakia malaika wake usiku mwema. Uchungu ulimshika ukakaa. Asubuhi daktari akatuambia mtoto amekaa vibaya, moyo wake unachoka, na kwamba watampasua mama sasa hivi. Walimpitisha mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu. Alimtazama babu yake. "Guka, naogopa," akasema, na mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi. Kitheka, mume wa Becky, alisimama akiwa ameegemea ukuta, na hakuna aliyeweza kumwambia akae. Dorine akaanza litania kwa sauti ya chini, na sisi tukaitikia. Mikaeli. Gabrieli. Rafaeli. Yosefu. Ana. Antoni. Akawataja wote uliowataja wewe, kwa mpangilio wako, hadi majina yakaisha.

Gachau akavua kofia.

"Idah Nakhumicha," akasema. Hakulia. Alisema kwa sauti ileile aliyokuitia uje usikie taarifa ya habari ukiwa jikoni.

Hakuna aliyejibu. Jina lako halimo katika litania, Mama, na hatukujua la kufanya. Nesi mmoja aliyekuwa akipita na trei alisimama. Mzee alisubiri, kisha akatugeukia kama mwalimu ambaye darasa limemwangusha.

"Mbona mmenyamaza? Nimemwita."

Bado tukawa tunamtazama. Basi akageuka akauelekea ule mlango uliofungwa, akajibu mwenyewe.

"Utuombee."

Na sisi sote, hata Kitheka pale ukutani, hata yule nesi, tukasema, "Utuombee."

"Na umtume mbele yule mtu wako," mzee akaongeza. "Daktari ameshaingia."

Mtoto alilia kabla chai tuliyoletewa haijapoa. Ni mvulana, na Becky ni mzima. Hatutangazi muujiza. Daktari alikuwa stadi, wauguzi walijitahidi, na Mungu ndiye Mungu. Lakini Dorine alipomshukuru daktari, yeye alisema kwamba alipokuwa akinawa mikono alikuwa na wasiwasi, kisha ukamtoka, hajui kwa nini. Tulitazamana. Mzee alitazama dari.

Jina la ukoo la mtoto limetoka kwa babu wa upande wa kina Kitheka, kama ilivyo desturi. Lakini Becky alimpa Guka heshima ya kuchagua jina la ubatizo. Ulipaswa kuwepo. Mzee wa Presbiteri aliazima kitabu cha maisha ya watakatifu kwa katekista wenu, akakisoma wiki nzima, akahoji baadhi yao vikali, na mwisho akarudi palepale alipoanzia. Mtoto anaitwa Rafaeli.

"Na mbwa, Guka?" aliuliza mjukuu wako Mitchell, aliyetoka chuoni Kahawa Wendani kuja kumwona mtoto. "Mbwa tutamtoa wapi?"

"Mbwa atanunuliwa."

"Kwa hivyo sasa Guka wewe ni Mkatoliki, ama?"

"Mimi ni Presbiteri aliyeoa vizuri," alisema mzee.

Sasa jioni litania inasemwa kama zamani, na ni Dorine au Philip anayeongoza, yeyote aliyekuja. Gazeti liko mezani, limekunjwa. Anajibu kila jina. Wakifika mwisho anaongeza la kwako, na anaongeza pia la Mburu, kwa sababu anasema si haki kumpa ndugu yake habari za ng'ombe bila kumpa kazi ya kufanya. Miwani yake ikipotea anamtaja Antoni chinichini akidhani hatumsikii.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, itasomwa misa ya kumbukumbu yako nyumbani Makongeni. Jumuiya yako itakuwepo, wazee wa kanisa la Gachau wamekubali kuja, na Bwana Nzomo ametuma ujumbe kwamba atawahi. Baada ya misa kutakuwa na chai, na mananasi mengi. Wote mnaosoma mnakaribishwa.

Tulipokaa kuyaandika haya, kalamu akiishika mzee mwenyewe maana hakukubali mtu mwingine aishike, Philip alishindwa kujizuia.

"Baba, na gazeti linafika huko?"

Mzee alivua miwani akaifuta.

"Halifiki," alisema. "Hili ni la majirani wasome. Yeye nimeshamwambia asubuhi."

Wanaokukumbuka ni mumeo Gachau, watoto wako Philip na Dorine, mkweo Kitheka, wajukuu wako Becky na Mitchell, kitukuu wako Rafaeli, ambaye hukumbeba ila tunaamini umeshamwona, ndugu zako wa magharibi, na jirani yako Waruguru, ambaye anasema sukari yako bado anayo.

Sisi tutakukumbuka daima, Nakhumicha. Nawe huko uliko, utukumbuke.