Kopo la Hamira

Tarehe 12 Desemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nimeketi juu ya gunia la unga, maana viti vyote hapa vimebeba trei za mikate. Natumaini goti lako limetulia na usingizi umekurudia. Mimi ni mzima, ila macho yanajifunga yenyewe kama duka siku ya Jumapili. Kipara ana miezi minne sasa, hana unywele wala jino, lakini ukimchelewesha kunyonya anakukemea kama mzee wa kanisa. Jirani ndiye anayekaa naye nikiwa zamu.

Nilikuahidi kwamba Krismasi hii tungekuwa wote. Haiwezekani. Msimamizi amesema wiki ya sikukuu hakuna ruhusa, hata ukifiwa. Nikamuuliza, "Na nikifa mimi mwenyewe?" Akasema, "Hapo tutazungumza." Watu wanataka mikate, Mama, na tanuri halijui sikukuu.

Dereva wa lori la unga atakupa barua hii pamoja na kopo la hamira. Usilitupe ukidhani limekwisha. Ndani nimeweka vidonge vya kifafa vya Chiriku, vya kumfikisha mwisho wa Januari. Nusu asubuhi, kimoja jioni, akishakula. Daktari aliniambia mara tatu, nami nakuambia mara ya nne: havikatishwi ghafla, hata kama mtoto anarukaruka kama mwanambuzi. Tangu Mei hajaanguka. Miezi saba, Mama. Nikikumbuka tulivyokuwa tukimshikia kichwa kila wiki kisigonge sakafu, napiga magoti hapa hapa kwenye unga na kumshukuru Mungu.

Umesema atakuwa malaika kwenye igizo la kanisani. Mshonee gauni kwa lile pazia jeupe la zamani. Mwambie neno la malaika ni moja tu, asiongeze la kwake. Ana miaka sita na maneno ya mtu wa sitini, hatukumwita Chiriku bure.

Mbusu mashavu yote mawili.

Binti yako,
Mama Chiriku

Tarehe 27 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya Kipara pia, ingawa bado hajajua kuamkia. Goti langu linanung'unika lakini linafika kwenye kengele ya kanisa. Usingizi, tuseme tu tunasalimiana.

Kopo limefika. Malaika wako naye alifika, gauni la pazia likiburuta. Aliposimama mbele ya wachungaji wa kondoo akasema "Msiogope" kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kisha, maana kunyamaza si kazi yake, akamgeukia mmoja aliyekuwa anatetemeka kupita kiasi akamwambia, "Wewe hasa, acha hiyo." Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Nilitamani ungekuwepo, mwanangu. Nilikuachia nafasi kwenye benchi ingawa nilijua huji.

Asubuhi hiyo alinisaidia kupiga kengele. Ananing'inia kwenye ncha ya kamba kama nguo iliyoanikwa, inampandisha na kumshusha, na hanyamazi hata huko juu.

Nilipokuwa nafagia majani ya hori baada ya watu kutoka, nilimtazama amelala kwenye benchi, mzima kabisa, nikasema, huyu ni mtoto aliyeponywa. Nina jambo moyoni. Nitakueleza likishatimia. Dereva anasema anakwenda likizo, hatapita tena mpaka tarehe kumi na mbili, kwa hiyo uvute subira.

Mwaka uwapokee vizuri wewe na mjukuu wangu asiye na nywele.

Mama yako

Tarehe 3 Januari

Mwanangu wa pekee,

Nakusalimu kwa furaha ya mwaka mpya. Sisi hapa ni wazima, tena wazima kuliko tulivyowahi kuwa.

Unalijua kapu letu. Kila tarehe thelathini na moja, ibada ya asubuhi, kila mtu huleta kitu kilichomfunga mwaka mzima, akakiacha mbele ya madhabahu asiingie nacho mwaka mpya. Mwaka juzi seremala aliacha kiko chake. Kinyozi aliacha karata, akanunua nyingine Februari, lakini hiyo ni habari yake na Mungu wake. Mimi nimefagia kanisa hili miaka kumi na tisa, na kila mwaka ndimi ninayelichoma lile kapu nyuma ya jengo, wala sijawahi kuweka kitu changu ndani. Safari hii nimeweka. Nimeweka kopo la hamira.

Usiruke. Kaa usome.

Miezi saba mtoto hajaanguka. Tuliomba, tukapewa. Mtu aliyepewa haendelei kunyoosha mkono kama hajapewa. Kila jioni nilipomtilia kile kidonge mdomoni niliona kama namwambia Mungu, sikuamini. Wala usidhani nilimtanguliza mtoto mimi nikajificha nyuma yake. Vidonge vyangu vya presha ndivyo nilivyotia kwanza ndani ya kopo, juu ya vyake, kisha nikafunika. Mchungaji aliliona kopo akatania, "Mama, umeacha kuoka?" Sikumwambia kitu. Hili lilikuwa langu na Bwana. Saa sita mchana nikachoma kapu.

Leo ni siku ya tatu. Anaimba uani sasa hivi.

Naongeza tarehe 12, dereva akiwa mlangoni: siku kumi na mbili, mwanangu, na hajatikisika hata kope. Furahi pamoja nami.

Mama yako

Tarehe 13 Januari

Mama,

Shikamoo. Leo sitauliza habari, nisamehe. Lori linashusha unga, nina nusu saa.

Nimekuwekea vidonge vipya ndani ya kitambaa cha buluu. Jirani amebaki na Kipara, nimekimbia duka la dawa nikiwa na aproni na unga mpaka kwenye nyusi. Ukimaliza kusoma mstari huu, weka barua chini, umpe kimoja. Halafu urudi uendelee kusoma.

Umempa? Haya.

Mama, hajaanguka miezi saba kwa sababu ya vile vidonge. Mungu hakukaa mbali navyo. Ulinifundisha mwenyewe, jikoni, mimi nikiwa na umri wa Chiriku, kwamba Mungu alipotaka kumwokoa mwanawe mchanga na panga la mfalme hakumzungushia ukuta wa moto. Alimwamsha Yusufu. Alimwambia ainuke, amchukue mtoto na mama yake, wakimbie. Yusufu angebaki pale horini amekunja mikono akisema, mimi naamini, tungekuwa tunasherehekea nini Desemba? Na yule mfalme aliyeugua akaomba akaongezewa miaka, nabii bado aliagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Wewe ndiye uliyenisomea. Nilicheka, nikauliza tini zilikuwa za nini basi kama alishapona. Ukaniambia, "Mungu hadharau mkono wa mtu." Nimeishi kwa neno hilo. Kila nikikanda unga nalisema.

Mimi ndiye mama yake. Nilikupa umlee kwa sababu sina mtu ninayemwamini kama wewe, na bado sina. Lakini lile kopo halikuwa lako kulitoa. Mtu hutoa sadaka kilicho chake.

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Nakuja Jumamosi hivyo hivyo. Wakitaka kunifukuza, barua yao itanikuta njiani.

Usimwache apande kwenye kamba ya kengele.

Binti yako,
Mama Chiriku

Tarehe 15 Januari

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Lori lilifika jana saa nne asubuhi. Chiriku alikuwa ameanguka saa kumi na mbili na nusu, tunapiga kengele ya maombi ya asubuhi. Alikuwa juu kwenye kamba, anasimulia habari ya paka wa kinyozi. Akanyamaza. Nikadhani anavuta pumzi. Mikono ikaachia, akashuka kwenye ngazi za saruji, na mshtuko ukamkamata pale chini. Haukukatika. Mmoja ukishika mkia wa mwingine. Nilimshika kichwa kama tulivyozoea, nikaomba kwa kila jina la Mungu ninalolijua. Kinyozi ndiye aliyemnyakua mikononi mwangu akakimbia naye hospitali. Daktari aliuliza mtoto anameza dawa gani. Nilimjibu, ameacha. Akauliza nani alimwachisha.

Yuko hai. Macho yanafunguka. Ananitazama, mwanangu, ananitazama, lakini hasemi.

Kitambaa cha buluu kiko mfukoni mwangu. Nilifunga tena fundo lile lile ulilolifunga.

Njoo.

Mama

Tarehe 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama.

Nilipokukuta kwenye benchi la wodi nilikupita nikaenda kitandani kwake. Sasa ninalo la kusema moja tu. Chiriku anabaki na mimi. Analala nami na Kipara kitanda kimoja, nikiwa zamu wote wawili wanakaa kwa jirani. Kazini walinirudisha, kwa zamu ambayo hakuna anayeitaka.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningelala vizuri zaidi. Lakini nikiuona mwandiko wako mkono wangu unatetemeka, na kwa mkono huu ndio napima nusu kidonge. Kwa hiyo usiniandikie mpaka nikuandikie.

Binti yako

Tarehe 10 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi.

Habari za miezi kumi? Goti? Kengele? Naandika juu ya gunia lile lile, au mdogo wake. Kipara ana nywele tatu na meno sita, na jina limekataa kumtoka.

Nikwambie ya Chiriku, bila kupunguza wala kuongeza. Hajaanguka tangu Machi. Anatembea, anavuta kidogo mguu mmoja. Ana maneno tisa, nimeyahesabu: maji, mkate, moto, Kipara, mama, hapana, bado, chungu, na jina la paka wa jirani. Neno chungu ni la kidonge. Asubuhi kengele ya kanisa la huku ikilia ananyoosha mikono yote miwili juu na kuikunja ngumi, anangoja apandishwe. Mwanzoni nilikuwa natoka nje nisimwone. Siku hizi namnyanyua.

Jumapili nilitoa lile gauni la pazia nilipanue, linambana kwapani. Akaligusa mshono, ule wako wa kupindapinda, akasema, "Bibi." Ndilo la kumi.

Nilikaa nalo siku nne. Nikatoa barua zako nilizozifungia, nikazisoma upya kama mtu anayekagua unga wenye wadudu. Kuna mstari niliupita Januari. Uliandika kwamba vidonge vyako vya presha viliingia kwenye kopo kwanza. Nilikuandikia karatasi nzima, Mama, nikamtaja Yusufu, nikamtaja mfalme na jipu lake, na sikuuliza hata kwa neno moja wewe unameza nini. Je, ulivirudia? Mbona naogopa kuuliza? Nilimkataza dereva asiniletee habari za huko. Siku moja alifungua mdomo, nikamwambia, bado. Akaufunga.

Njoo Krismasi. Sijasema kwamba yaliyopita yamepita. Yapo, yanavuta mguu mbele yangu kila siku. Lakini mtoto amekuita, na mimi sitaki kufunga mwaka huu nikiwa nimekaa kimya tu na uchungu wangu nikiuita imani. Sharti langu ni moja. Utakaa hapa, na utampa kidonge wewe mwenyewe, asubuhi na jioni, mbele yangu. Ukitaka kuomba, omba. Omba ukiwa na kikombe cha maji mkononi.

Nijibu kwa dereva.

Binti yako,
Mama Chiriku

Tarehe 19 Desemba

Mwanangu

Mwandiko usikutishe. Ni mkono wa kushoto. Huu ni ukurasa wa siku tatu.

Wa kulia ulinikataa Februari. Nilikuwa nafagia. Mguu nao. Uliniambia nisiandike, nikatii. Dereva nilimwambia asiseme mpaka umuulize.

Umeuliza. Sasa nameza. Wakati ule hapana. Mtoto alipokuwa amelala pale hospitali, niliona haya kujitibu mimi.

Kapu la mwaka huu wamemwachia kinyozi alichome. Nimemwambia mchungaji lile kopo lilikuwa la nini. Alikaa chini. Amesema atalisema madhabahuni mwenyewe, mtu mwingine asirudie. Kengele anapiga seremala. Anaivuta kama anavuta ng'ombe.

Nakuja. Sharti lako nimelishika. Mwambie Chiriku tutamezeshana, yeye aanze mimi nifuate. Na vyangu ni vichungu pia.

Dereva amenipa kiti cha mbele. Atanishusha tarehe 23 mlangoni pa tanuri lako. Ukinipokea, nishike upande wa kulia.

Mama yako