Ladu za Dhamana

Nagpur, Alhamisi

Kaka Dinkar,

Huko Pune kwa mjomba natumaini unakula vizuri. Mama hajambo, goti limepata nafuu. Jana alipita nyumba kwa nyumba akigawa ladu, vitamu vya kusherehekea, akiwaambia majirani kwamba jaji amekupa dhamana kabla polisi hawajakukamata. "Mwanangu ametoka safi," alisema. Mimi sikuzionja.

Nilikuwa mahakamani, nimekaa nyuma. Nilimsikia wakili wako akisema wifi yangu Vaidehi aliungua mkono akipika chapati, na kwamba dada yako, aliyekuwepo siku ile, hakuona ugomvi wowote. Dada yako ni mimi. Nani aliniuliza?

Niliona, kaka. Nilikuwa mlangoni ulipoukamata mkono wa mkeo ukaukandamiza kwenye chuma cha chapati, eti chai imechelewa. Ukanigeukia ukasema, "We Sushama, hujaona kitu." Nikanyamaza wiki tatu, na aibu hiyo ni yangu.

Jaji amekuamuru usimkaribie Vaidehi wala kuwatisha mashahidi. Basi usinipigie simu tena, maana leo asubuhi nimekwenda kituoni nikaandikisha yote. Afisa aliniuliza, "Dada, una hakika? Huyo ni ndugu yako wa damu." Nikamwambia anipe kalamu nitie saini.

Mama amenifukuza. Niko kwao Vaidehi. Kidonda chake bado kibichi, na mimi ndiye ninayemfunga bendeji.

Dada yako bado,
Sushama