Kitambaa Chekundu cha Kitanda Namba Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nesi Kipenga (ndivyo ninavyoitwa na wote, kwa sababu ya sauti yangu)
Umri: Miaka 51
Kazi: Muuguzi, wodi ya watoto
Makazi: Nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali

Nimeonywa niseme kweli tupu. Nitaisema, ingawa mkuu wangu wa wodi angependa niseme nyingine.

Wodi yetu ina vitanda kumi na viwili na mashine moja ya oksijeni. Watoto wanaoihitaji wakiwa wawili, wanapokezana. Yule asiyeweza kutolewa hata kidogo tunamfungia kitambaa chekundu kwenye mguu wa kitanda. Hakuna palipoandikwa, sisi wenyewe tunajua. Wageni wa kujitolea huja kutoka nchi za nje, hukaa wiki mbili, kisha huenda zao. Wale wa kwanza niliwaeleza mpaka mate yakanikauka. Hawa wa sasa sikuwaeleza. Nilichoka.

Mmoja wao ni yule msichana aliyeketi kwenye benchi lenu hapo nje, mwanafunzi wa udaktari. Tunamwita Kicheko. Si mvivu, hilo nalisema wazi.

Leo, tarehe 14 ya mwezi huu, siku yake ya mwisho, Kicheko aliingia saa kumi na mbili asubuhi akaosha vitanda vyote kwa sabuni. Alitaka kutuachia wodi safi. Kitambaa cha kitanda namba nne alikiona kichafu, akakifungua, akakifua, akakianika dirishani.

Mimi niliingia zamu saa moja kamili, nikitoka mapumziko ya siku mbili. Saa moja na robo mtoto wa kitanda namba saba alianza kubadilika rangi. Nikatazama mguu wa kitanda namba nne: hauna kitu. Basi nikachomoa mpira wa oksijeni puani kwa mtoto wa namba nne, msichana wa miaka mitatu, nikampelekea wa namba saba.

Mama wa yule wa namba nne akasema, "Dada, huyu jana daktari alisema asitolewe."

Nikamjibu, "Mama, tulia. Tunajua kazi yetu."

Akatulia. Alikaa chini, akamshika mwanawe mguu.

Niliporudi kwa wa namba nne ilikuwa saa moja na dakika thelathini na tano, naye hapumui. Tulihangaika naye, mimi na daktari, hadi saa mbili na dakika tano. Hakurudi. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa naruhusiwa kumbeba?"

Kicheko alipojua alichofanya, aliketi sakafuni akalia. Baba wa mtoto alimkamata mkono, ndipo mkaitwa. Mkuu wa wodi alinivuta pembeni: "Mgeni anaondoka leo. Sema ni yeye, yaishe."

Sikatai, kufungua alifungua yeye. Lakini hakuambiwa, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Mpira nilichomoa mimi. Miaka ishirini na sita niko kazini; mtoto ana uso, ana kifua, ana kucha za kutazamwa. Mimi nilitazama kitambaa. Naumia, afande. Yule binti mwacheni aende kwao.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika kama yalivyosemwa, saa tano hadi saa tano na nusu asubuhi. Shahidi amekabidhi kitambaa kimoja chekundu kama kielelezo, bado hakijakauka. Alipoambiwa anaweza kwenda, alitoka nje akakaa kwenye benchi, kando ya yule msichana.