Maelezo ya Kitabu cha Saba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Nimefurahi kusikia goti limepungua uvimbe na kwamba sasa unafika kwa jirani bila fimbo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wajukuu zako wanakuamkia. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na anaomba mkionana usimcheke. Baba yao anakusalimu sana. Mimi ninakula, ninakwenda kazini, ninarudi. Zaidi ya hapo nisikudanganye, na hilo neno "nisikudanganye" ndilo lililonizuia siku nne nisianze kuandika.

Umeniomba nikueleze jinsi kitinda mimba wako alivyoanza kuandika ule mwongozo wake, maana watu wakikuuliza huna la kuwajibu. Ulianza kwa ugomvi mdogo. Unakumbuka alikuwa akikaa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Kwenye kiti cha jirani yake alikaa mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali wa miwani, ambaye siku moja alimwuliza kwa nini mwanamume mzima mwenye ndevu anasoma vitabu vya picha. Unamjua mwanao. Hakujitetea, alimwazima kimoja. Wiki iliyofuata mwalimu alikirudisha amenuna, akasema hakuelewa kitu: joka limetokea darini bila hodi, na farasi wote wanafanana na meza. Mdogo wangu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mirija. Kisha akakiri kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alimpa cha kwanza, na vitabu vya Bibi Wino havianzwi na cha kwanza. Bibi Wino ndivyo wapenzi wake wanavyomwita yule mwandishi. Jina lake halisi wanaona ni la vitambulisho tu.

Ndipo akaomba nimletee daftari. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa sindano, kwa hiyo aliandika kwa wa kushoto, herufi zimelala huku na huku kama majani yaliyopigwa na mvua. Alimwelekeza mwalimu aanze na cha tatu, ambacho alikiita mlango, maana humo ndimo unamowajua watu wa ile nchi ambako majoka hulala juu ya dari za nyumba, na kila mtu huzungumza kwa sauti ya chini asije akayaamsha. Baadaye arudi cha pili. Cha kwanza akisome mwisho wa mwezi, kwa huruma, kama mtu anayetazama picha za mtu mzima alipokuwa mtoto. Cha tano asikisome akiwa na hasira na ndugu, la sivyo atampigia simu. Na kuhusu zile kurasa kumi na mbili za kitabu cha sita zisizo na neno hata moja, aliandika hivi: "Usiziruke. Bibi Wino hakuishiwa na maneno. Wewe ndiye hujanyamaza."

Wagonjwa wengine nao wakalitaka. Daftari likatembea kiti hadi kiti, likapata madoa ya dawa, jalada likatoka. Baada ya mazishi yake nilikwenda nalo kazini. Unakijua chumba chetu pale maktaba, ile meza ndefu, kibanio cha chuma na sufuria ya gundi isiyopoa. Kwa kuwa mwandiko ule ulikuwa hausomeki kwa asiyeuzoea, niliunakili wote kwa mkono wangu, nikashona kurasa, nikajalidi kwa kitambaa cha buluu. Nakala mbili. Moja nikaipeleka wodini, ya pili nikakuletea wewe.

Sasa unaniambia kwamba ukurasa wa mwisho, ule wa kitabu cha saba, umeuhifadhi wote kichwani. Umeniandikia yale maneno kana kwamba siyajui: "Aliyebaki na kilicho chake hakuninyang'anya kitu. Ninaondoka bila kinyongo na yeyote." Unasema ukiyasoma usingizi unakuja. Tena unasema umempa fundi wa mawe ayachonge juu ya kaburi, na ataanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao.

Mama, mzuie.

Wiki mbili zilizopita yule mwalimu alikuja maktaba. Amekonda, lakini ulimi wake ni ule ule. Aliniambia amevisoma vyote saba kwa mpangilio aliopewa, na mwongozo haukumwongopea hata mara moja, mpaka alipofika cha saba. Hapo akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya gauni, akasema aliyeandika ukurasa ule siye yule aliyekuwa akimchekesha. Yule kijana hakuwa mtu wa mafumbo, alisema. Angemaliza kwa kulisema jalada, au kusifu pua ya joka. Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi. Akasema anaona, akaenda zake. Mchana ule nilishona kitabu cha watu juu chini, miguu mahali pa kichwa, na sikugundua mpaka gundi ilipokauka.

Yale maneno ni yangu, Mama. Daftari lake linaishia kitabu cha sita. Chini yake ameandika mstari mmoja: "Cha saba nitakieleza Alhamisi." Alhamisi ilikuwa siku yake ya mashine. Alifariki Jumatano.

Ningependa kukuambia nilijazia ili nikufariji, na kwa muda mrefu nilijiambia hivyo hivyo. Si kweli. Unakumbuka tulipopimwa ili mmoja wetu ampe figo. Wewe walikukataa kwa ajili ya shinikizo la damu. Mimi nilikupigia simu kukwambia kwamba yangu haikulingana na yake, nawe ukalia, ukasema ni mapenzi ya Mungu.

Ililingana, Mama. Daktari alinipa majibu mwenyewe, amefurahi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za hospitali na ile karatasi magotini. Nikafikiria kisu. Nikafikiria wanangu, nikawafanya ngao, lakini wanangu hawakuwa na hatia. Niliogopa tu, kama mtu anavyoogopa maji marefu. Niliichana karatasi. Kesho yake nikarudi kumwambia daktari nimeghairi na nikamwomba asimwambie mtu. Akasema ni haki yangu, na hakunitazama tena. Mdogo wangu aliishi miezi minane baada ya hapo.

Utaniuliza kama alijua. Sijui. Nilipomwambia kwamba sikufaa, alinitazama usoni, akasema, "Pole, dada." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nimelibeba neno lile kila mahali, na sijui hadi leo kama lilikuwa la mtu asiyejua au la mtu anayejua kila kitu.

Kwa hiyo nilipofika mwisho wa daftari na kuikuta ile Alhamisi, mkono uliandika kile ambacho masikio yalitaka kusikia. Nilijisamehe kwa jina la maiti. Nilidhani ni karatasi tu, na karatasi huchakaa. Sikujua wewe utaipenda kiasi hicho. Uongo wangu ukichongwa kwenye jiwe, wajukuu zako watausoma, na wajukuu zao.

Daftari lenyewe nimelifunga pamoja na barua hii. Lisome polepole, mwandiko utauzoea kufikia ukurasa wa nne. Utamsikia mwenyewe humo, anatania, analalamika, anawagombeza watu wanaokunja kurasa. Jiwe liandikwe jina lake na miaka yake, au utakavyoona wewe. Mimi sina tena haki ya kuchagua maneno.

Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la asubuhi, peke yangu. Kama hutaki nije, mwambie jirani anipigie simu, nitaelewa. Kama unataka nije unigombeze mbele ya ukoo mzima, nitakuja vilevile.

Nisalimie shangazi, na barua hii akitaka kuisoma mpe. Goti ulifunge vizuri, baridi imeanza kuuma.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
niliyepimwa nikafaa.