Ukili wa Kitabu cha Nne

Palma, Jumamosi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika asubuhi, ikatuachia joto lile la kunata ambalo hata ukikaa bila kufanya kitu unatoka jasho. Nimeamka na hasira. Ningekuwa na hasira na mtu ingekuwa nafuu, maana mtu unaweza kumnunia. Mimi nimekasirikia kitabu, na kitabu hakijali.

Juzi nimemaliza kitabu cha nne cha Nyumba ya Sikudhani, ambacho ndicho cha mwisho. Nimekingoja miaka, na kimenivunja moyo.

Kwa wasiomjua, Sikudhani ni binti wa pwani. Kitabu cha kwanza baba wa kambo anamfukuza, na mama yake anamtilia ufunguo wa nyumba kwenye pindo la kanga na kumwambia nyumba ni yako, utarudi. Vitabu vitatu vizima binti wa watu anahangaika. Anatumika kwa watu, anaugua, anadanganywa na wanaume wawili, anavuka mito. Ufunguo upo pindoni. Kila mambo yakimzidi anaushika, nasi wasomaji tunaushika naye.

Kitabu cha nne kinafanya nini? Kinamleta fundi cherehani ambaye hajawahi kutajwa popote. Kurasa mbili washaoana. Sikudhani anafungua duka la vitambaa huko huko ugenini, anazaa, na ufunguo anampa mtoto auchezee. Basi. Nyumba haitajwi tena. Halafu mjomba wake, ambaye kitabu cha pili tulimzika na tukamlilia, amekaa arusini anakula pilau. Nilirudi nyuma kuhakikisha. Ni yeye yule, na kilema chake cha mguu.

Mwandishi alichoka, au sisi ndio alituona wajinga?

Ningeweza kuishia hapo. Lakini blogu hii niliianza ili niseme ukweli, na ukweli ni kwamba hasira yangu haikuanzia kwenye kitabu wala haiishii huko. Lazima nimtaje Rukia.

Rukia alikuwa jirani yetu, uani kwao na uani kwetu palitenganishwa na ua wa makuti wenye tundu la kupitia. Shule tulisoma pamoja, kwa Kireno, na Kiswahili cha vitabuni tukajifundisha wenyewe kwa vitabu vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Wanawake wa mtaa wetu wana utaratibu wao wa alasiri: wanakaa wanasuka ukili, ule utepe mrefu wa kushonea mikeka, na mmoja anawasomea. Anayesoma hasuki. Sehemu yake ya ukili wanamsukia wanaosikiliza, ndiyo ijara yake. Kwangu utaratibu huo ulikuwa neema, kwa sababu mdomo wangu ni mwepesi na vidole vyangu ni vya mti. Hadi leo nikisuka ukili unapinda, na Mama ananiuliza kama nasuka mkeka au kamba ya kufungia mbuzi.

Nyumba ya Sikudhani tulikisoma wawili tu. Wenzetu walisema binti huyu analia sana. Mimi nasoma, Rukia anasuka. Nikifika mwisho wa ukurasa nilikuwa na tabia ya kunyamaza, kumpa nafasi anyooshe chane zake za ukindu, na akiwa tayari anasema, "Haya." Ndipo nafunua. Sura ikiisha anaingiza chane moja nyekundu, kwa hiyo ukiutazama ukili wetu unaona kabisa hapa sura iliisha, hapa ilikuwa ndefu, hapa tulisimama kwa sababu Rukia alikuwa analia na hataki nimwone.

Tukapatana kitu kimoja. Ukili huo hatutaukata wala hatutaushona mpaka Sikudhani arudi kwao. Siku akifungua mlango ule kwa ufunguo wake, sisi tutashona mkeka mmoja mpana, wa kukaa wote wawili.

Tulikuwa tumemaliza kitabu cha tatu pale mji uliposhambuliwa tukakimbia. Sina haja ya kueleza mengi, anayesoma hapa anajua. Rukia na mama yake walivuka mto, wana jamaa Mtwara. Sisi tulielekea kusini. Katika haraka ile Mama alihitaji kamba ya kufungia furushi la nguo, akavuta alichokiona cha kwanza, nacho kilikuwa ukili wetu. Ndiyo maana ukili upo. Sufuria zilibaki, mashine ya kushonea ya marehemu baba ilibaki, lakini Nyumba ya Sikudhani vitabu vitatu ilizunguka jimbo zima imefungia nguo, na tuliporudi ikarudi nasi, imechakaa kidogo upande mmoja. Vitabu vyenyewe havikupona. Kurasa za kitabu cha pili nilizikuta sokoni zimefungiwa karanga. Nilinunua karanga ambazo sikuzitaka.

Mwaka huu mjomba wangu, anayevusha bidhaa kati ya Mtwara na hapa, aliletea maktaba yetu vitabu vichache, na cha nne kimo. Mwalimu Zaina anayeisimamia maktaba alinipa mimi wa kwanza. Nikampigia Rukia, tukacheka kama vichaa. Tukaamua tutasoma vilevile: mimi najirekodi kwenye simu, kila sura sauti yake, namtumia mtandao ukikubali, yeye huko anasikiliza na kusuka. Kila nikituma sura alinijibu kwa sauti, neno moja tu.

"Haya."

Sitaki kusema uwongo, kwa majuma yale nilikuwa mtu mwenye furaha. Kitabu nilianza kukishuku mapema, yule fundi cherehani alipoingia na tabasamu lake, lakini sikujali. Nilikuwa najua jioni nitasikia haya yangu. Nilianza hata kufagia upande wa kwao, kule nyuma ya ua, kwa kuwa nilijiambia Sikudhani akirudi, na Rukia naye yuko njiani.

Nadhani hilo ndilo nililokuwa nasoma kitabu chote. Nilitaka Rukia arudi.

Basi juzi nilituma sura ya mwisho, na chini yake nikatuma sauti nyingine, yangu mwenyewe, ya hasira. Nilimtukana Sikudhani. Nilisema hana asili, nilisema mwanamke anayempa mtoto ufunguo wa mama yake auchezee hajui alikotoka, nilisema raha ya duka imemlevya. Nikangoja Rukia anisaidie kutukana. Jana kutwa kimya. Nikalaumu mtandao.

Leo baada ya mvua sauti yake ikaingia, ndefu. Nilikaa jikoni kuisikiliza. Alianza kwa kunisalimia, akamsalimia Mama, akasema bintiye Amina ameanza shule ya watoto, anajua kuimba. Halafu akasema:

"Mariamu shoga yangu, usinikasirikie, mimi kitabu nimekipenda. Namwelewa yule dada. Mtu anaweza kuukumbuka mlango wao kila siku na asirudi."

Nyuma yake nilisikia mtoto anaongea na cherehani inakwenda. Ya nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza kama huko kuna mtu.

Kisha akasema na hili, kwa sauti ya chini, namna anavyosema mambo ya kweli: "Ule ukili wa kitabu cha nne nimeshaushona. Nimeuunga kwenye mkeka wa huku, wa sebuleni. Ulio kwako nawe ushone. Usiningoje."

Sauti ikaisha. Nikairudia. Sasa najiuliza, yale matusi yangu yote ya juzi, alikuwa anasikiliza natukana nani?

Nilijitanda nikaenda maktaba, maana kitabu kilitakiwa kurudi leo, na mimi nikiwa na huzuni huwa napenda niende mahali penye kazi. Maktaba yetu ni chumba kimoja nyuma ya shule, rafu za mbao za makreti, paa jipya ambalo mvua ikipiga hamsikilizani. Vitabu vingi ni vya Kireno, rafu moja ni ya Kiswahili, nyingine ya dini. Mwalimu Zaina huvivika vyote nailoni kwa mkono wake.

Aliniuliza nimekionaje. Nikafungua mdomo. Mjomba mfufuka, fundi cherehani, ufunguo, vyote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akageuka kuangalia kama kuna mtu amesikia.

"Mana Mariamu," akasema, akiniita dada kwa Kireno kama kawaida yake, "usiwaharibie wenzako. Wapo wanaokingoja kama wewe ulivyokingoja."

Akanitolea vitabu alivyoniwekea, akijua nitakuja. Kimoja ni riwaya ya Kireno, nene kama tofali, habari za ukoo mmoja wa wafanyakazi wa reli. Hicho nitakiacha mpaka mvua zishike kweli, siku ambazo hakuna pa kwenda. Cha pili ni masimulizi ya mwanamke aliyesafiri na mumewe baharia akaandika kila bandari waliyolala. Nakitamani, ila nimeona ukurasa wa kwanza tu anaaga nyumbani, nikakirudisha kwenye rafu. Asubiri kwanza. Nimechukua cha tatu, cha upelelezi, chembamba. Mtu anauawa mstari wa pili. Hakuna wa kumngojea.

Mwalimu Zaina alipokuwa anaandika jina langu akaniuliza hiki nitakisoma na nani, kwa kuwa anatujua. Nikamwambia nitasoma mwenyewe. Akaniangalia juu ya miwani, akakifuta nailoni vumbi kwa ncha ya kapulana aliyojifunga kiunoni akanipa.

Niliporudi nyumbani niliutoa ukili juu ya kabati. Nikaufungua sakafuni, nikauzungusha kama utakavyoshonwa, Mama ameshika ncha. Chane nyekundu zilikuwa zinapita mkononi, na ajabu ni kwamba nilizijua. Hapa homa ya Sikudhani. Hapa mjomba tulipomzika. Hapa ilikuwa Ramadhani, tulisoma mpaka adhana ikatukuta, Rukia akafuturu kwa tende mkono mmoja na mkono wa pili umeshika ukili usifumuke.

Mama miaka yote alijifanya hasikilizi hadithi yetu, eti ana kazi. Leo ameshika ile ncha, akaniuliza taratibu, "Huyo Sikudhani wenu, alirudi kwao?"

"Hakurudi, Mama."

Akaupangusa ukili vumbi. "Na Rukia?"

Nilitaka kusema mtandao mbaya. Nilitaka kusema labda baada ya Idi. Nikatikisa kichwa, nikalia hapo hapo sakafuni, mtu mzima mimi, na Mama akaniacha nilie, akaendelea kuzungusha ukili mpaka ukaisha.

Hautoshi kukaa watu wawili. Tumejaribu kuubana, tumejaribu kuulegeza. Bila kitabu cha nne unatoka mkeka wa mtu mmoja.

Nimemtumia Rukia jibu. Nimemwambia namfurahia Amina, na aniimbie wimbo. Nimemwambia nitaushona. Kuhusu Sikudhani nimesema nitajaribu kumsoma tena siku moja nikiwa na moyo mwingine, lakini yule mjomba sitamsamehe kamwe. Hilo najua litamchekesha.

Kesho nikishafua nitaazima sindano kwa jirani nianze. Nitashona vibaya, Mama atafumua, nitashona tena.

Jioni hii nimekaa kizingitini na kitabu changu kipya. Nimekifungua, nimesoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kwa mazoea tu. Maiti, mlango uliofungwa kwa ndani, mpelelezi mwenye mafua. Kizuri, nadhani. Nimefika mwisho wa ukurasa nikanyamaza, nikangoja.